Shajara ya K20A: kuisafisha injini ya alumini na kuirudishia sura yake

Jumamosi, injini ikiwa stendini

Injini imeshuka, imeachanishwa na giaboksi, na sasa iko kwenye stendi inayozunguka, kwa hiyo naweza kuigeuza upande wowote ninaotaka kuufanyia kazi. Ni Honda K20A, lita 2, silinda 4. Bloku ni ya alumini yenye slivu za chuma, hedi ni alumini, kava ya cheni ni alumini, sampu (bakuli la oili lililo chini) ni alumini, hata manifoldi ya hewa ni alumini. Ukiitazama leo huwezi kuamini kwamba vyote hivyo ni madini ya aina moja. Upande wa ekzosi, oili iliyovuja kwa miaka mingi kutoka gasketi ya kava ya valvu imeungua ikawa utando mgumu wa kahawia. Sampu imefunikwa na grisi iliyochanganyika na mchanga. Karibu na pampu ya maji kuna ukoko mweupe ulioachwa na kulanti, maji ya kupozea injini. Sehemu ambazo oili haikuzifikia zimepauka na kuota vipele vyeupe vya unyevu. Ajabu ni kwamba pale penye grisi nene ndipo alumini ilipo salama zaidi: ukikwangua kidogo kwa kijiti, chini yake inang'aa.

Ndani sina ugomvi nayo. Nilipima kompresheni kabla ya kuishusha na silinda zote nne zinakaribiana, kwa hiyo hedi haifunguliwi. Kazi ni ya nje: kuosha, kuziba panapovuja (kava ya cheni, sampu, kava ya valvu), na kuiacha alumini ionekane yenyewe. Kitakachopigwa rangi ni kava ya valvu peke yake. Uamuzi huo nimeufanya mapema kwa sababu ndio unaoongoza mengine yote. Anayejua atapiga rangi anaweza kukwaruza apendavyo, praima itaficha. Anayetaka alumini tupu ataishi na kila mkwaruzo anaouweka, na atauona kila akifungua boneti.

Sharti kuu nimeliandika kwa kalamu nene ukutani, juu ya meza ya kazi: kinachotumika nje kisiweze kuingia ndani, na kikiingia kiwe kitu kinachoyeyuka. Krenki, shafti kuu inayozungushwa na pistoni, inazunguka ndani ya beringi juu ya utando wa oili wenye unene wa maikroni chache tu. Punje za msasa zikifika pale, zinaikata beringi kimyakimya, na injini iliyoingia karakana ikiwa nzima inatoka ikiwa nzuri kwa macho na mgonjwa moyoni.

Jumapili: kuziba matundu

Siku nzima imeishia kwenye kuziba, na sioni kama ni muda uliopotea. Injini ikivuliwa alteneta, stata, manifoldi na sensa, inabaki na matundu mengi kuliko unavyodhani: njia nne za hewa, njia za ekzosi, mdomo wa chujio la oili, tundu la kijiti cha kupimia oili, sensa za kamu na ya krenki, solenoidi ya kamu, mabomba ya maji, bomba la kupumulia.

Matambara hayafai. Yanajaa mafuta, yananyonya, na ukiyachomoa yanadondosha humohumo ulichotaka kukizuia. Utepe wa karatasi nao unaachia mara tu ukiguswa na mafuta ya taa. Nilichofanya ni kukata vibao vya plaiwudi kwa umbo la kila mlango, nikaweka gasketi ya zamani katikati na kukaza kwa bolti zilezile za manifoldi. Kwenye matundu ya duara nimeingiza vizibo vya mpira vilivyobana. Plagi za zamani zimebaki mahali pake, na kava ya valvu haiondoki hadi uoshaji mkubwa uishe. Hilo la mwisho ndilo naliona muhimu zaidi. Fundi wengi hufungua kwanza ndipo waoshe, kwa kuwa ni rahisi kushika kipande kimojakimoja, lakini injini iliyofungwa inajilinda yenyewe vizuri kuliko kizibo chochote.

Bolti nimezichomeka kwenye maboksi bapa, kila boksi likiwa na mchoro wa kava husika. Kava ya cheni ina bolti za urefu tofauti. Ndefu ikiingia tundu la fupi, inagota chini kabla ya kubana, na alumini ndiyo itakayotoa sadaka: ama nyuzi zinang'oka, ama tundu linapata ufa.

Jumatano jioni: bolti zilizogoma

Braketi ya alteneta ilikataa kutoka. Bolti ya chuma iliyokaa miaka ndani ya alumini, ikipata maji kidogo yenye chumvi, inageuka kuwa betri ndogo: alumini ndiyo inayoliwa, na unga mweupe unaotokana nayo unajaza nafasi kati ya nyuzi na kukaza kama simenti.

Ukilazimisha kwa mkono mrefu bolti inakatika, ama inatoka na nyuzi zote. Kinachosaidia ni joto, na linapelekwa kwenye alumini, si kwenye bolti. Kwa kila digrii moja ya joto alumini hutanuka sehemu 23 hivi kwa milioni, chuma karibu 12. Tundu linapanuka haraka kuliko bolti, na mwanya mdogo unafunguka. Nilitumia bunduki ya hewa moto, si moto wa gesi, kwa sababu mbili. Ya kwanza, alumini haibadiliki rangi inapopata moto. Chuma kitawaka chekundu na kukuonya, lakini alumini inabaki ileile hadi inaporomoka. Ikiwa safi huyeyuka kwenye nyuzi joto 660, na aloi za kusubu huanza kulegea chini ya hapo. Ya pili, baadhi ya dawa za kusafishia breki zina klorini, na mvuke wake ukikutana na moto mkali hutoa gesi ya fosjini, ambayo ni sumu kali. Dawa za aina hiyo haziingii kabisa katika kazi hii.

Pasha joto, tia mafuta ya kupenya, kaza kidogo kwanza ndipo ulegeze, rudia bila haraka. Zote zimetoka. Tundu moja lilitoka na nyuzi zake, kwa kuwa aliyeikaza zamani aliipita kiasi, na hilo nimelitoboa, nimelitia uzi mpya na kuvisha helikoili, springi ndogo ya chuma cha pua inayokuwa nyuzi mpya. Sasa ni imara kuliko lilivyotoka kiwandani.

Jumamosi: kuosha

Kwanza nilikwangua grisi nene kwa vijiti vya mbao na mkwanguo wa plastiki. Kila kinachotoka kikiwa kikavu ni kitu ambacho hakitageuka tope. Kisha mafuta ya taa na brashi laini, kuanzia juu kwenda chini, stendi ikizungushwa ili uchafu utiririke mbali na maungio ya gasketi. Unapaka, unaacha yanywe, unasugua, unafuta. Baada ya hapo maji ya moto na sabuni ya vyombo. Bomba la shinikizo kubwa sijalitumia. Linapitisha maji kwenye sili za krenki hata zikiwa nzima.

Sabuni ya vyombo inaonekana kitu kidogo kwa kazi kubwa kama hii, ila kuna sababu. Alumini ikikutana na hewa hujivika oksaidi, utando wa nanomita chache tu, na huo ndio ngao yake. Ngao hiyo hudumu pH, yaani kipimo cha asidi na alkali, ikiwa kati ya 4 na 9 hivi. Ukipanda sana juu ya hapo, utando unayeyuka na dawa inaanza kula alumini yenyewe. Dawa nyingi kali za kutoa grisi, pamoja na zile za kusafishia oveni, zina kostiki soda. Kwenye bloku ya chuma hufanya kazi nzuri sana. Kwenye alumini huchemka, hutoa haidrojeni ambayo inashika moto, na huacha weusi ambao haufutiki kwa kitambaa.

Niliijaribu moja ya dawa hizo kwenye braketi ya zamani isiyorudi kwenye gari, upande wa nyuma, ili nione kwa macho. Tone lilitulia kidogo, kisha mapovu madogomadogo yakaanza kupanda. Nilipoosha palibaki doa la kijivu cha mkaa lenye mpaka mkali, na ukipitisha kidole kinatoka kimepakaa weusi. Ule weusi ni mabaki ya vile vilivyochanganywa na alumini, silikoni na shaba, ambavyo kostiki haivili. Alumini ya kusubia injini haiwi tupu kamwe. Huchanganywa na silikoni ili itiririke vizuri kwenye kalibu na isipasuke ikipoa. Hata injini ya ndege ya ndugu Wright ya mwaka 1903, aliyoitengeneza fundi wao Charlie Taylor, ilikuwa na krenkikesi ya alumini iliyotiwa shaba kama asilimia 8. Kwa hiyo kabla ya kununua dawa yoyote nasoma kibandiko: kama haisemi wazi kwamba ni salama kwa alumini, naiacha.

Kufikia jioni maandishi ya kiwandani kwenye ubavu wa bloku yamejitokeza yote, hata mstari mwembamba ule unaoonyesha nusu mbili za kalibu zilipokutana. Sikujua kama upo.

Jumapili: madoa yaliyobaki

Kilichobaki ni cha aina mbili, na kila kimoja kina dawa yake. Oili iliyoungua upande wa ekzosi haijali sabuni. Hiyo nimeitoa kwa dawa ya kusafishia kabureta, ikilowekwa kwa kitambaa juu ya doa na kuachwa, kisha brashi ya nailoni. Panapong'ang'ania zaidi natumia brashi ndogo ya chuma cha pua ambayo haijawahi kugusa chuma cha kawaida. Brashi ya waya wa kawaida inapachika chembe za chuma ndani ya alumini laini, na chembe hizo zikipata unyevu zinaota kutu: injini uliyoiacha inang'aa inakuwa na madoadoa ya rangi ya chungwa kabla hujaimaliza.

Vipele vyeupe ni oksaidi, na oksaidi inataka asidi nyepesi. Nimetumia dawa yenye asidi ya fosfori, nikaizimua kama kibandiko kinavyoagiza, nikaipaka kwenye eneo dogo lililolowa maji kwanza. Haiachwi ikauke. Dakika chache, kusugua kwa nailoni, kuosha kwa maji mengi, kisha maji yenye bikaboneti ya soda kuua asidi iliyobaki kwenye mianya, na kuosha tena. Vipele vidogo vimekwisha. Karibu na pampu ya maji kulanti ilikuwa imekula hadi kuacha vishimo, na vishimo hivyo havitajazika. Nimeviacha. Kusaga alumini nzima hadi ilingane na kishimo ni kuondoa nyama isiyorudi.

Hapa niseme jambo kwa uzito wote. Baadhi ya dawa za kung'arishia rimu na matela ya alumini zina asidi ya haidrofloriki au amonia baifloraidi. Zinasafisha kwa kasi ya kushangaza, ndiyo sababu zinapendwa. Asidi hiyo hupenya ngozi, mara nyingine bila maumivu ya mwanzo, hufunga kalisi mwilini, na jeraha lisilo kubwa laweza kuua. Haina nafasi nyumbani, hata ukiwa na glavu.

Alhamisi usiku

Injini imekauka. Nimeipuliza hewa kwenye kila tundu la bolti, maana bolti ikikazwa juu ya maji yaliyonaswa inaweza kupasua tundu. Mafuta ya taa yaliyotumika yako kwenye ndoo yenye kifuniko. Yakituama, ya juu yanatumika tena na tope la chini linapelekwa yanakokusanywa mafuta machafu.

Jumamosi: nyuso za gasketi

Leo nimefungua kava ya cheni na sampu, na kuanzia sasa injini iko wazi. Kila kinachofanyika kinafanyika polepole.

Kava hizi mbili hazina gasketi ya karatasi. Zimefungwa kwa gundi ya silikoni iliyogandia pande zote mbili. Njia ya haraka kuitoa ni kidiski cha nailoni chenye punje, kile kinachofungwa kwenye drili. Kinafanya kazi safi, na ndicho ninachokikataza kwa kila anayeniuliza. Punje zake ni oksaidi ya alumini, ngumu sana, na zinaruka zikiwa unga usioonekana. Unga huo unaingia kwenye njia za oili na unafika kwenye beringi kabla ya chujio. General Motors walitoa waraka wa huduma kuwaonya mafundi wao waache kutumia vidiski hivyo kwenye nyuso za gasketi, kwa kuwa injini zilikuwa zinaharibika baada ya matengenezo. Kuna madhara ya pili: kidiski kinachimba. Mkono hauhisi, ila uso uliokuwa bapa unapata bonde, na bonde ndilo njia ya oili.

Kwa hiyo ni kwa mkono. Dawa ya kulainisha gasketi inapakwa kwa brashi ndogo, inasubiriwa, kisha mkwanguo wa plastiki. Palipobaki utando mwembamba natumia wembe mpya uliolazwa karibu kugusa uso, ukisukumwa kufuata urefu wa ukingo. Wembe uliosimama unachana alumini kwa urahisi unaotisha. Huku krenki na cheni vimefunikwa kwa plastiki iliyobanwa kingo zote, na stendi imegeuzwa ili uso wa sampu uangalie chini. Kipande kinachodondoka kinakwenda sakafuni, hakina njia nyingine.

Kisha rula ya chuma iliyonyooka na fila geji, vile vibati vyembamba vya kupimia mwanya. Nimeiweka rula kwa urefu, kwa upana na kwa mshazari juu ya ukingo wa kava ya cheni, na geji ya milimita 0.05 haikupita popote. Sampu ilikuwa imeinuka kidogo kwenye matundu mawili ya bolti, alama ya kukazwa kupita kiasi. Hiyo, kwa kuwa iko mbali na injini na inaoshwa yote ndani na nje, nimeipiga msasa wa namba 400 uliobandikwa juu ya kioo kinene, kwa maji na sabuni, hadi uso wote ukawa na rangi moja. Baadaye maji ya moto, brashi kwenye kila pembe, na kitambaa cheupe chenye thina. Nilibadilisha kitambaa hadi kikatoka cheupe kilivyoingia.

Jumapili: kupuliza vipande vidogo

Braketi ni vipande visivyopitisha oili wala hewa, kwa hiyo zimepulizwa kwa shanga ndogo za kioo ndani ya kabati lililofungwa, shinikizo likiwa la chini. Zimetoka na sura ile ya fedha iliyotulia ambayo kila mtu anaipenda. Baada ya hapo zinashikwa kwa glavu safi tu. Alumini iliyopulizwa ina vinyweleo, na alama ya kidole inaingia na kukaa.

Manifoldi ya hewa ni jambo jingine. Kuta zake za ndani zina utando wa oili, na shanga za kioo zikigandia pale, siku injini ikivuta hewa kwa nguvu zinaingia moja kwa moja kwenye silinda. Hiyo nimeipuliza kwa bikaboneti ya soda. Ni laini, haichimbi, na ikibaki kwenye pembe inayeyuka kwa maji ya moto. Inaondoa uchafu bila kubadilisha uso wa alumini, kwa hiyo haing'ai sana kama zile braketi. Tofauti hiyo ya mng'ao kati ya manifoldi na braketi naikubali kwa moyo mmoja.

Kinga: barakoa yenye vichujio, miwani, na kufagia kwa kulowesha. Vumbi laini la alumini likitanda hewani linaweza kulipuka, na likichanganyika na vumbi la kutu linaweza kuwaka kwa moto mkali sana. Mashine ya kusagia chuma haiwashwi katika chumba hicho.

Jumanne na Jumatano: kava ya valvu

Nilifikiri kava hii itakuwa kazi ya jioni moja. Kikwazo kiko chini yake: upande wa ndani kuna bati linalotenganisha oili na mvuke unaorudi kwenye manifoldi, na nyuma ya bati hilo kuna chumba usichokiona. Chochote cha punje kikiingia humo hakitoki kwa kuoshwa, kitatoka injini ikitetemeka na kudondokea juu ya kamu. Kava nyingi zilizopulizwa vizuri zimeua injini kupitia chumba hicho. Skrubu za bati nimezilegeza, nimeliondoa, nimeosha chumba, na hata hivyo rangi ya zamani nimeitoa kwa dawa ya kuvua rangi, si kwa mchanga. Kabla ya hapo niliipima kwa tone la siki mahali pa kificho, maana kava za injini kadhaa huwa za magnesi na zinafanana sana na alumini. Magnesi ingechemka hapohapo. Hii ilitulia.

Kisha msasa wa namba 320 kwa mkono, kwa maji. Kipimo cha usafi ninachokiamini ni maji yenyewe. Unamwaga maji safi juu ya kava na kuinamisha. Yakikatika na kujikusanya kuwa matone, pana mafuta, hata kama jicho haliyaoni. Yakitandaa kama shuka moja isiyochanika, pako tayari. Kwenye kona ya nyuma, karibu na kifuniko cha kujazia oili, maji yalikuwa yanakimbia pembeni na kuacha duara kavu lenye ukubwa wa sarafu. Alumini ya kusubu ina vinyweleo vilivyokunywa oili kwa miaka; unaifuta juu, inapanda tena kutoka chini. Nimeiweka kava kwenye oveni ya karakana, isiyopikiwa chakula, kwenye nyuzi joto 120 hadi oili ikatoa jasho, nikaifuta kwa thina, nikarudia. Sikupandisha zaidi. Vipande vilivyosubiwa kwa shinikizo vina hewa iliyonaswa ndani, na joto la kupita 200 linaweza kuvifanya vitokwe na malengelenge.

Maji yalipotandaa hadi ukingoni niliikausha na kupuliza praima ya kushikia alumini mkono mmoja mwembamba, unaoacha alumini ikionekana kwa mbali. Praima hiyo ina asidi kidogo inayouma uso na kushika. Praima ya kawaida ingebanduka kwa vipande kwenye joto la kwanza.

Jumamosi: rangi ya mikunjo

Rangi ni nyekundu, ile inayojikunja ikikauka. Inataka mikono mitatu minene, kinyume na rangi nyingi: wa kwanza kwa urefu, wa pili kwa upana, wa tatu kwa mshazari, dakika chache kati ya mmoja na mwingine. Mkono mwembamba haujikunji. Nilitangulia kuipasha kava ikawa vuguvugu. Ilibaki laini na yenye kung'aa kwa muda, kisha mikunjo ikaanza kwenye pembe, ikasogea katikati, na bunduki ya hewa moto ikaisawazisha pale ilipochelewa.

Niliifuata ratiba ya kopo bila kujitungia yangu. Rangi ya injini ikiongezwa mkono wakati wa chini umeanza kukauka nusu, wa juu unauinua wa chini. Baada ya kukauka kabisa nilipiga msasa uliobandikwa kwenye kibao juu ya maandishi yaliyoinuka, na alumini ikatokea safi, kingo zikiwa kali. Sehemu za gasketi na za nati zilikuwa zimefunikwa tangu mwanzo. Rangi chini ya nati inalegea kwa joto na nati inapoteza mkazo.

Jumatatu: kulinda kilichobaki tupu

Nimefikiria vanishi angavu na kuiacha. Inapendeza mwaka wa kwanza, kisha inakuwa ya manjano karibu na ekzosi, na jiwe dogo likiitoboa unyevu unatambaa chini yake na kuchora nyuzi nyeupe ambazo huwezi kuzifikia bila kuvua vanishi yote. Alumini tupu ikipauka unaifuta na kuendelea. Nimechagua mafuta ya kuzuia kutu yanayoacha utando mwembamba, yakapakwa kwa kitambaa na kufutwa hadi yasishike vumbi. Yatarudiwa kila nikiosha injini.

Bolti mpya ni za chuma kilichopakwa zinki. Za chuma cha pua zinavutia macho, ila tofauti yake ya umeme na alumini ni kubwa kuliko ya zinki, na sehemu yenye maji tutarudi kwenye unga uleule mweupe.

Jumamosi: kufunga

Nyuso zote zimefutwa kwa thina mara ya mwisho, gundi ya silikoni imepita kwa uzi mmoja usiokatika upande wa ndani wa matundu ya bolti, kava ya cheni imekaa, kisha sampu. Bolti za M6 zimekazwa kwa toki spana hadi Nm 12, kwa hatua, zikipishana kutoka katikati kwenda nje. Kwenye kona ambazo kava ya cheni inakutana na hedi, gasketi ya mpira ya kava ya valvu imeongezwa tone la gundi, kwani hapo ndipo uvujaji wote ule ulipoanzia.

Jambo linalosahaulika: sehemu za waya wa hasi. Pale waya unapofungwa kwenye bloku na kwenye braketi, alumini imefutwa ikawa kavu kabisa, bila mafuta wala rangi. Injini nzuri isiyo na hasi nzuri inasumbua stata na kuzidanganya sensa.

Jumapili: kuwashwa

Injini ikiwa imerudi kwenye gari, nilitia oili, nikaondoa fyuzi ya pampu ya petroli, na kuzungusha stata hadi taa ya oili ikazimika, ndipo nikairudisha fyuzi. Injini ilipowaka moshi mwembamba ulipanda upande wa ekzosi, harufu ya mafuta ya kinga yaliyozidi, ukakoma injini ilipofikia joto lake la kawaida. Nilipitisha karatasi nyeupe chini ya maungio ya sampu, kava ya cheni na zile kona mbili. Imetoka kavu.

Niliiacha ipoe, nikaiwasha tena hadi ipate joto kamili, kisha nikamwaga oili ikiwa moto na kukikata chujio kwa kikatio cha bomba kilicho safi. Karatasi yake nimeikunjua yote chini ya taa kali, mkunjo kwa mkunjo, na kuikamua kati ya vidole: hakuna punje, hakuna kinachometa, ila nyuzi mbili fupi za silikoni nyeusi ya zamani ambazo chujio lilizikamata. Chujio jipya limefungwa, oili mpya imeingia. Hili nalo nitalikata baada ya kilomita 500, pamoja na kuangalia rangi ya kava pale inapokaribiana na ekzosi.